Kipele si ushahidi: mazungumzo juu ya vipele vya sehemu za siri

Haya ni maneno yaliyosemwa na mwanachama mwenzetu, muuguzi, katika mkutano wa wanachama hapa Baraka. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema. Maswali ya wanachama na majibu yake yako mwishoni.

Bwana prezidenti wa chama, wanakamati, wazee wetu, wamama, wababa, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mkimbie mapema, jambo sana.

Komite iliniomba niongee juu ya afya. Nikauliza, afya gani? Malaria tumeongea. Kipindupindu tumeongea, na kila mwaka tunarudia. Kuna jambo moja hatujaliongea hata siku moja, na ndilo watu wananiletea njiani wakati wa magharibi, wakiangalia huku na huku kabla ya kufungua mdomo: "Munganga, niko na ka kitu huku chini." Leo tuongee juu ya hako ka kitu.

Nitataja viungo kwa majina yake: uume, uke, korodani, kinena, njia ya haja kubwa. Hapa hakuna matusi. Komite imepanga wamama upande huu na wababa upande ule, ili mtu asikae bega kwa bega na mkwe wake wakati maneno haya yanasemwa. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuinamisha kichwa.

Kwa nini niongee jambo hili kwetu sisi tuliorudi? Wengi wetu tulivuka ziwa kutoka Kigoma kuanzia mwaka 2005. Kuna waliotoka Lugufu kabla kambi haijafungwa mwaka 2009, kuna waliotoka Nyarugusu. Na hatukurudi wote siku moja. Baba alitangulia kuangalia kama shamba bado liko na nani amelima. Mama akabaki kambini na watoto wamalize mwaka wa shule. Miezi ikapita, kwa wengine miaka. Siku ambayo nyumba inakutana tena, kila mtu anamwangalia mwenzake kwa macho mawili, moja la furaha na moja la shaka. Katika hali hiyo, kinundu kidogo kama punje ya mtama kinatosha kuvunja ndoa. Mwanamke anarudishwa kwao, wazee wanaitwa, mbuzi anadaiwa, na kile kinundu chenyewe hakuna munganga hata mmoja aliyekiangalia.

Ndiyo maana neno langu la leo ni fupi. Kipele si ushahidi. Kipele ni barua. Barua hiyo haikuandikiwa wazee wa baraza, wala majirani, wala shemeji. Imeandikiwa munganga, na ikikaa sana bila kusomwa, inaharibu mambo.

Vitu ambavyo si ugonjwa

Nianze na habari njema. Vinundu vingi ambavyo watu wananionyesha kwa woga si ugonjwa kabisa. Ni mwili tu.

Wababa na vijana, wengi wanakuwa na vinundu vidogo sana, vya rangi ya ngozi au vyeupe kidogo, vimejipanga mstari mmoja au miwili kuzunguka shingo ya kichwa cha uume, kama shanga. Haviumi, haviwashi, havitoi maji. Vinaonekana mara nyingi wakati wa ujana na vinabaki miaka. Havitokani na tendo la ndoa na haviambukizi mtu. Kijana anavigundua siku anapoanza kujiangalia, kisha anafikiri vimeanza siku hiyo.

Wamama nao, upande wa ndani wa mashavu ya uke, wanaweza kuwa na vinundu vidogo laini, vimejipanga sawasawa kulia na kushoto. Huo ni umbo la mwili. Tena wanawake na wanaume wote wanaweza kuwa na vidoa vidogo vyeupe au vya manjano chini ya ngozi, kama mbegu ndogo. Hizo ni tezi za mafuta. Hazihitaji dawa.

Namna ya kukumbuka ni hii: vilivyojipanga vizuri, vinavyofanana, visivyouma, visivyobadilika mwezi hadi mwezi, mara nyingi ni mwili wako. Ukibaki na shaka, nenda uonyeshe mara moja, uambiwe, ulale usingizi.

Vinavyokuja bila kitanda

Kundi la pili ni magonjwa, lakini hayakuletwa na uzinzi.

La kwanza ni vipele vya kunyoa. Mtu amenyoa kinena kwa wembe mkavu, nywele inakata kona na kurudi ndani ya ngozi, pale panakuwa na kipele chekundu chenye usaha katikati. Kinauma kidogo. Weka kitambaa safi kilicholowekwa maji ya moto ya kiasi, mara kadhaa kwa siku. Usikikamue. Acha kunyoa mpaka pakauke. Na wembe usiazimwe, hata kati ya ndugu wawili.

La pili ni upele, ule unaoletwa na wadudu wadogo ambao jicho haliwaoni. Tunaujua tangu kambini, kwenye nyumba ya chumba kimoja na blanketi moja la watoto wanne. Unawasha sana usiku. Unakaa katikati ya vidole, kwenye mikono, kiunoni, na kwa mwanaume unapenda sana uume na korodani, ambako unaacha vinundu vigumu vinavyowasha. Mtu anaona vinundu pale, anasahau kwamba vidole pia vinamuwasha na watoto wanajikuna nyumba nzima. Mwenye kuupata mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne hadi sita kabla ya kuanza kujikuna, na wakati huo wote anauambukiza. Dawa yake ipo na inaponyesha, kwa sharti moja: nyumba nzima itibiwe siku moja, hata asiyejikuna. Nguo na matandiko yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Kisichofulika kifungwe ndani ya mfuko wiki moja.

La tatu linahusu wamama. Pembeni ya mlango wa uke kuna tezi mbili zinazotoa ute. Moja ikiziba, upande mmoja unavimba kama yai dogo. Bila maumivu, unaweza kungoja siku chache na kukalia maji ya vuguvugu. Ikianza kuuma, kuwa ya moto na kuleta homa, hilo ni jipu, na linapasuliwa na munganga kwa chombo safi. Halipasuliwi na jirani kwa wembe.

Vinavyopita kitandani

Sasa tufike pale mlipokuwa mnangojea.

Kaswende, wengi tunaiita sifilisi. Inaanza na kidonda kimoja, mara nyingi kigumu pembeni kama kifungo cha shati, na hakiumi. Kwa kawaida kinatokea kama wiki tatu baada ya kuambukizwa, lakini kinaweza kutokea baada ya siku 10 au baada ya siku 90. Kwa mwanamke kinaweza kujificha ndani kabisa asikione. Kisha, sikieni vizuri, kinapona chenyewe ndani ya wiki chache. Mtu anashukuru Mungu. Au anamshukuru yule aliyemuuzia majani. Kumbe ugonjwa umeingia ndani. Baadaye unatoka vipele mwilini, hata kwenye viganja na nyayo, navyo vinaondoka. Miaka ikipita, unaweza kugusa moyo, ubongo na macho. Na mama mjamzito anaweza kumpa mtoto tumboni: mimba inaharibika, au mtoto anazaliwa amekufa, au anazaliwa mgonjwa. Ugonjwa huu wote, ukiwahiwa, unatibiwa kwa sindano ya penisilini. Hakuna jambo linaloniuma kama kuona nyumba imezika watoto wachanga wawili kwa ugonjwa ambao sindano ingeuzuia.

Kwa hiyo tusipime hatari kwa maumivu. Kisichouma kinaweza kuwa ndicho kibaya zaidi.

Kuna pangusa, kidonda kinachouma, laini, chenye usaha, na mara nyingi kinaleta mtoki kwenye kinena. Hicho kinatibiwa na antibiotiki.

Kuna herpesi. Hiyo inakuja kama malengelenge madogo kwa kundi, yanapasuka, yanakuwa vidonda vinavyochoma hasa wakati wa kukojoa. Yanapona baada ya wiki mbili tatu, halafu yanaweza kurudi tena mahali palepale. Virusi vyake havitoki mwilini, ila kuna dawa ya kupunguza nguvu yake. Mtu anaishi nayo, anaoa, anazaa. Jambo kubwa: mama mjamzito mwenye malengelenge karibu na siku za kuzaa aseme mapema, kwa sababu mtoto anaweza kuyapata wakati wa kupita.

Kuna masundosundo. Hivyo ni vinundu laini vya rangi ya nyama, kimoja, viwili, kisha vingi, mpaka vinafanana na upanga wa jogoo. Haviumi. Vinaletwa na virusi vinavyopita ngozi kwa ngozi, na vinaweza kukaa kimya miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, kabla ya kuonekana. Vinaondolewa kwa dawa ya kupaka ya munganga, au kuchomwa, na vinaweza kurudi. Virusi vinavyoleta masundosundo kwa kawaida si vile vinavyoleta kansa ya mlango wa kizazi, lakini ni wa ukoo mmoja na vinapita njia moja. Kwa hiyo mama aliye navyo aombe kuangaliwa mlango wa kizazi pale huduma hiyo inapopatikana.

Mwenye kidonda chochote hapa chini, apime pia virusi vya ukimwi. Kidonda ni mlango uliofunguliwa. Ukipima na kukutwa navyo, dawa zipo na watu wanaishi nazo miaka mingi.

Mpox, jirani mpya

Lazima niseme juu ya mpox, ile watu waliita ndui ya nyani. Ugonjwa huu tunaufahamu Congo tangu mwaka 1970. Zamani tulisikia uko kwenye misitu ya Equateur, unampata aliyeshika mnyama. Mwaka 2023, kule Kamituga, kwenye machimbo ya dhahabu ya mkoa wetu wa Kivu ya Kusini, waganga waliona kitu kipya: watu wazima wenye vidonda vingi zaidi sehemu za siri, ugonjwa ukipita kati ya mtu na mtu kwa kulala pamoja na kugusana. Ukafuata barabara na watu, ukafika Bukavu, ukafika Uvira, ukavuka mipaka. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya hatari ya kimataifa, na mwezi wa Oktoba mwaka huohuo chanjo ikaanza kutolewa katika nchi yetu. Hali hiyo ya kimataifa iliondolewa mwaka 2025, lakini kuondolewa kwa tangazo hakumaanishi ugonjwa umepanda meli na kuondoka.

Vijana wetu wanakwenda Misisi na Kamituga kutafuta maisha. Siwakatazi, na wasitukanwe. Wajue dalili tu. Kwanza homa, kichwa, mgongo, uchovu, mitoki imevimba. Kisha vipele vinavyokuwa malengelenge, vinajaa usaha, vinauma, vinakauka na kuwa magamba. Vinaweza kuanzia sehemu za siri, viwe vichache tu, ukadhani ni kaswende. Dalili zinaanza kati ya siku 1 na 21 baada ya kuambukizwa, na ugonjwa unachukua wiki mbili hadi nne. Mgonjwa alale peke yake mpaka magamba yote yaanguke na ngozi mpya itoke. Asitumie shuka moja na mtoto. Anayemhudumia anawe mikono kwa sabuni. Kwa watoto wadogo na wajawazito ugonjwa huu unaweza kuua. Baba anayeficha vidonda vyake kwa aibu anavileta kwenye mkeka wa watoto wake.

Kwa nini haviwezi kuwa ushahidi

Wazee wetu wa baraza, hapa naomba sikio lenu.

Mtu analeta kesi: "Mke wangu ametoka kambini, amekutwa na kinundu. Amezini." Sasa hesabuni pamoja nami. Kinundu chenyewe huenda ni tezi ya mafuta. Huenda ni upele alioupata kwa blanketi la mtoto. Kama ni masundosundo, virusi vyake huenda vilikuwa ndani tangu kabla ya wao kuachana, na huenda vilitoka kwa bwana mwenyewe, ambaye hana alama hata moja. Kama ni herpesi, inaweza kulala miaka kisha kuamka siku mtu amechoka au ameugua. Kama ni kaswende, anayeonyesha dalili kwanza si lazima awe ndiye aliyeileta. Mwanamke anashitakiwa zaidi kwa sababu yeye ndiye anayepimwa kliniki ya wajawazito. Yeye ndiye amesomewa barua. Bwana yake hajafungua ya kwake.

Tena tusisahau njia tulizopita. Kuna wamama, wasichana, na wanaume pia, waliofanyiwa kwa nguvu. Kumuuliza mtu wa namna hiyo "umekitoa wapi?" mbele ya watu ni kumpiga mara ya pili.

Kwa hiyo ombi langu kwa baraza: kesi ya kipele isisikilizwe kabla ya wote wawili, bwana na bibi, kufika kwa munganga. Wakitoka kule wametibiwa, mara nyingi mtaona kesi yenyewe imekwisha.

Tusiweke nini

Nimeona mengi yakiwekwa pale. Chumvi. Dawa ya meno. Maji ya betri. Ndimu na pilipili. Kapsuli ya tetrasikline imefunguliwa na unga kumwagwa juu ya kidonda. Wembe wa kukata kinundu. Ngozi ya pale ni laini kama ya ndani ya mdomo. Ukiichoma, munganga hawezi tena kujua kidonda cha kwanza kilikuwa kipi, na wewe umepata viwili badala ya kimoja.

Msinunue pia antibiotiki sokoni kwa kuhesabu rangi, mbili nyekundu na moja ya manjano. Dawa isiyo yake haiui ugonjwa, inaufundisha kuishi. Sindano ya kaswende haitibu herpesi, dawa ya upele haitibu pangusa.

Wakati wa kwenda

Shikeni vizuri, maana hii ndiyo sehemu ya kubeba nyumbani.

Nenda siku hiyohiyo kama una malengelenge au vidonda pamoja na homa. Uvimbe unaokua haraka, wa moto, unaouma, au ngozi inayogeuka nyeusi. Kama mkojo umekataa kutoka. Kama wewe ni mjamzito na una kidonda chochote. Kama ni mtoto, wa kiume au wa kike, ana kidonda au kinundu pale. Mtoto msimgombeze. Inaweza kuwa upele tu, lakini inaweza pia kuwa mtu amemgusa, na akigombezwa hatasema. Korodani ikiuma ghafla na kuvimba, hiyo inahesabiwa kwa saa, hata kama ni usiku wa manane.

Aliyefanyiwa kwa nguvu afike ndani ya saa 72, hata kama hana alama yoyote. Ndani ya muda huo kuna dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi, na kadiri anavyofika mapema ndivyo inavyosaidia zaidi. Hata siku zikiwa zimepita, aje tu. Bado kuna la kufanya.

Nenda ndani ya wiki hiyo kama una kidonda kisichouma, vinundu vinavyoongezeka, mwasho wa usiku nyumba nzima, mtoki, maji au usaha usio wa kawaida, au kama mwenzako ameambiwa ana ugonjwa, hata wewe huna dalili.

Kipele cha kunyoa unaweza kukingoja wiki moja. Kinundu chochote ambacho wiki mbili zimepita na hakijaondoka, au kinabadilika rangi, au kinatoka damu, kionyeshwe. Wazee msiseme "kwa umri huu ni nini tena?" Kansa ya ngozi ya pale ipo, na inawapata zaidi watu wa umri mkubwa. Pia vijana: uvimbe mgumu ndani ya korodani, hata usiouma, uonyeshwe.

Utakayoyakuta kule

Watu wengi wanaogopa mlango kuliko ugonjwa. Kwenye kituo cha afya utaulizwa: kimeanza lini, kinauma, kinawasha, umeweka nini juu yake. Utaulizwa juu ya mtu unayelala naye. Hatuulizi ili tukuhukumu, tunauliza ili tujue nani mwingine atibiwe. Utaangaliwa. Una haki ya kuomba mlango ufungwe, na mama anaweza kuomba muuguzi mwanamke au kuja na dada yake. Unaweza kutolewa damu kidogo kwenye kidole kwa kupima kaswende na virusi vya ukimwi. Kipimo kikitoka safi na kidonda bado ni kipya, unaweza kuambiwa urudi, kwa sababu mwanzoni kaswende inaweza kujificha. Pale ambapo hakuna labo, muuguzi anafuata mpango wa kutibu kwa dalili, na anaweza kukupa dawa za magonjwa mawili kwa pamoja. Usishangae.

Maliza dawa zote. Usilale na mwenzako mpaka nyote wawili mumalize na vidonda vikauke. Kutibu mmoja na kumwacha mwingine ni kufagia nusu ya nyumba.

Sanduku letu

Komite imenipa ruhusa niwakumbushe jambo moja. Sanduku la ugonjwa la chama linasaidia pia magonjwa haya. Mtunza sanduku anataka karatasi ya malipo tu. Haulizi jina la ugonjwa, na kwenye daftari anaandika neno moja: matibabu. Ndugu wafadhili mnaosoma jarida hili mkiwa mbali, mkiona neno hilo bila maelezo, jueni tumefanya hivyo kwa makusudi. Mwanachama akijua kwamba ugonjwa wake utasomwa kwenye mkutano, atabaki nyumbani na chumvi yake. Hesabu zinaangaliwa na komite, risiti ziko, lakini aibu ya mtu hatuitii kwenye ripoti.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Asanteni kwa kunisikiliza.

Maswali

Mama mmoja: Bwana yangu nikimwambia twende pamoja atakataa, na atanifukuza. Nifanye namna gani?

Jibu: Mama, anza wewe. Tibiwa. Kisha mwombe muuguzi karatasi ya kumwita bwana. Karatasi inasema tu afike kituoni, haisemi juu ya nini. Wababa wengi wanaokataa kuitwa na mke wanakubali kuitwa na karatasi. Na kama unaogopa kupigwa, mwambie muuguzi hivyo waziwazi kabla hajaandika, mutafute pamoja njia nyingine.

Kijana: Kondomu inazuia vyote hivyo?

Jibu: Inazuia vizuri virusi vya ukimwi na kisonono ikitumiwa sawasawa. Kwa kaswende, herpesi, masundosundo na mpox inapunguza hatari tu, kwa sababu haya yanapita kwa ngozi ambayo kondomu haikufunika. Itumie. Lakini mtu mwenye vidonda angoje apone kwanza.

Mzee: Na dawa zetu za miti? Babu zetu waliponaje?

Jibu: Mzee, sipigani na wenye kujua miti. Naomba mambo mawili. Kisiwekwe kitu juu ya kidonda kabla hakijaonekana na munganga. Na kidonda kikikauka kwa dawa ya miti, mtu aende kupima damu vilevile, maana kile cha kaswende kinakauka hata bila dawa yoyote. Babu zetu walipona, ndiyo. Na wengine walizika watoto bila kujua sababu.

Mama mwingine: Nilichomwa sindano ya kaswende wakati wa mimba ya kwanza. Mimba hii nimesamehewa kupima?

Jibu: Hapana, mama. Kaswende haikupi kinga. Ukikutana nayo tena, inaingia tena. Pima kila mimba, na mapema, usingoje tumbo liwe kubwa. Na safari hii mje wawili.